Inchi Moja, Futi Moja

Fedha zilitakiwa kufika Julai.
Huko Harrisburg waheshimiwa walikuwa wakivutana juu ya bajeti,
wakavutana majani yakiwa mabichi,
wakavutana yakiwa mekundu,
wakavutana yakiwa chini ya theluji,
na Machi, barabara zetu zikiwa tope na chumvi,
zikatufikia, pamoja na waraka mfupi:
zitumike zote kabla ya Juni kwisha,
zitakazosalia zirudi zilikotoka.

Mimi ni mtunza hesabu wa ofisi ya huduma za jamii,
ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi.
Nikahesabu. Siku mia moja na tisa.

Namna ya kumaliza fedha upesi naijua.
Mwaka juzi tulinunua viti arobaini.
Mpaka leo vimo stoo, vimevaa nailoni yao,
hakuna aliyewahi kuvikalia
ila paka wa fundi matairi.
Mkaguzi alikuja, akakuta risiti zimekamilika,
akatusifu.

Lakini Bi Arlene Zubrick kiti anacho,
chenye magurudumu mawili makubwa.
Asichokuwa nacho ni njia ya kutokea.
Mlango wake una vidato vitatu, inchi ishirini na moja.
Sheria ya ujenzi husema:
kila inchi moja ya kimo, futi moja ya mteremko.
Basi futi ishirini na moja za mbao,
na mbao ziliagizwa Aprili, hazikuja,
na fundi Clete Haldeman akateguka kifundo,
na mkaguzi wa majengo ana kaunti tatu na gari moja bovu.
Tangu Novemba Bi Arlene hushushwa mgongoni na mwanawe,
mara moja kwa mwezi, kwenda kliniki.
"Kama gunia la viazi," husema,
akacheka peke yake.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, najua.
Kawia ufike, hilo nalo najua.
Wahenga hawakusema ni lipi la kuandika
kwenye fomu, kisanduku cha tisa:
Eleza kwa nini fedha hazijatumika.

Verna Stasko, mkuu wetu, aliandika barua.
Aliiandika mara sita. Ya kwanza ilikuwa na matusi.
Ya sita ilikuwa na sentensi nne
na ombi moja: tuongezewe muda
hadi tarehe thelathini Septemba.
Kisha tukakaa.
Simu ikilia, sote tunaitazama
kama mlango wa chumba cha upasuaji.

Walt Drozd, tuliyemwombea tanuri la kupasha nyumba joto,
alifariki Juni kumi na moja, siku ya jua kali.
Nililipiga jina lake mstari kwa rula.
Salio likapanda dola elfu nne na mia mbili.
Sijawahi kuchukia kujumlisha kama siku ile.

Jibu lilikuja Juni ishirini na saba,
saa kumi na dakika kumi alasiri:
Ombi limekubaliwa.
Hakuna aliyeshangilia. Verna alivua viatu,
akaweka miguu juu ya meza, akasinzia.

Fedha ni zile zile, hawakuongeza hata senti.
Siku tisini na mbili tu.
Nikavifikiria vile vidato vitatu,
kwamba kimo hakiondoki,
hulazwa tu, kikanyooshwa,
mpaka mtu aweze kukipita.

Agosti, Ijumaa, mbao zinanuka msonobari.
Bi Arlene hakutaka kusukumwa.
Alishika breki, akaachia, akashika, akaachia,
dakika nne nzima kwa futi ishirini na moja,
akafika kwenye sanduku la barua,
akatoa bahasha yenye nembo yetu.
Niliitambua. Mashine yetu huzituma zenyewe
kila robo ya mwaka, na sahihi yangu chini:
Mpendwa mteja, ombi lako bado linashughulikiwa.
Akaisoma yote. Akanitazama.
"Andika," akasema, "nimeipokea.
Mwenyewe. Kwa mkono wangu."